Kaburi la Nyali na Mungu Atawalaye: Krapf na Rosine, Julai 1844

Mwezi wa Julai 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alimzika mke wake ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara, mahali tunapopaita leo Nyali. Muda mfupi baadaye akamzika na mtoto wao mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Alipopata nguvu za kushika kalamu aliwaandikia waliomtuma, chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS kilichokuwa London, barua ambayo Wakristo wa Afrika Mashariki wanainukuu hadi leo. Kanisa Anglikana la Kenya linapohesabu umri wake, huanzia mwaka huo.

Kisa hiki kimesimuliwa sana makanisani, na mara nyingi kwa namna isiyonipendeza. Krapf hufanywa mtu wa chuma ambaye msiba haukumtikisa, na funzo linalotolewa ni kwamba mwenye imani halii. Nikisoma yale aliyoyaandika mwenyewe naona jambo jingine, na kwangu ni la thamani zaidi. Mtu huyu aliamini kwa moyo wote kwamba Mungu anatawala hata juu ya homa na kifo, akafarijika kweli kwa imani hiyo. Wakati huohuo, alipojaribu kueleza Mungu alikuwa na mpango gani, alikosea vibaya. Maelezo yake yalianguka, lakini faraja yake ilisimama. Nataka tuchunguze imewezekanaje.

Njia ya kufika Mombasa

Krapf hakupanga kuja Mombasa. Moyo wake ulikuwa Ethiopia, kwa Waoromo. Alikwenda huko akiwa kijana, akaishi Shoa, akajifunza lugha, akashawishika kwamba Waoromo wakiipokea Injili, Afrika yote ya ndani itafunguka. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich, binti kutoka Basel, Uswisi, aliyesafiri hadi Misri ili waoane. Wakajaribu kurudi Shoa pamoja kwa njia ya Massawa, wakazuiwa. Katika safari hiyo ngumu, jangwani, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alibatizwa kwa jina Eneba, ambalo kwa Kiamhara ni chozi, akafa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Wakamzika njiani, chini ya mti, na mama akapata siku chache tu za kupumzika kabla ya kuendelea na safari.

Ethiopia ikafungwa. Krapf akaona labda Waoromo watafikika kutoka kusini, kwa kupitia pwani ya Waswahili. Mwishoni mwa 1843 wakaondoka Aden. Chombo chao cha kwanza kikaingiza maji hata wakalazimika kurudi, kisha wakapanda kingine. Januari 1844 walikuwa Unguja. Sayyid Said, Sultani wa Unguja na pwani, akampokea vizuri na kumpa barua kwa maliwali wake, akimtaja kuwa mtu mwema anayetaka kuwageuza watu kwa Mungu, na kuwaagiza wamtendee wema. Ni barua ya kushangaza, mtawala Mwislamu kumwandikia mhubiri Mkristo namna hiyo, na inastahili kukumbukwa kila tunapozungumza habari za dini mbili hizi pwani.

Mei wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa. Mwenyewe aliihesabu siku hiyo miongoni mwa siku kuu za maisha yake. Masika yalikuwa yamepita, maji yametuama kila mahali, na mbu walikuwa wengi. Lakini hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenye hatia. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross nchini India mwaka 1897. Watu walilaumu hewa mbaya.

Mwanzoni mwa Julai homa ikamshika Krapf, kisha ikamshika Rosine, ambaye alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Tarehe 6 alijifungua binti. Tarehe 13 akafariki. Mtoto naye hakukawia kumfuata mama yake.

Kitanda cha Rosine

Katika masimulizi mengi Rosine ni kaburi tu. Huingia katika hadithi ya mume wake kwa kufa. Naona hilo ni kosa, maana ushahidi wa kwanza kuhusu faraja katika kisa hiki ni wake yeye, ingawa umetufikia kwa mkono wa mume.

Kwa maelezo ya Krapf, Rosine alipojua kwamba anakufa aliomba. Aliwaombea ndugu zake, akaiombea kazi ya Injili, akaiombea Afrika Mashariki, akamwombea na Sultani, kwamba Mungu auelekeze moyo wake kwenye mema ya milele ya watu wake. Kisha akatoa ombi kuhusu mwili wake. Hakutaka kuzikwa kisiwani. Alitaka azikwe bara, kwenye njia ya watu wa Nyika, hao tunaowaita leo Wamijikenda, ili kila apitaye hapo alione kaburi na kukumbuka ni jambo gani lililowaleta wageni hawa nchini mwao.

Mwanamke aliyezika mtoto wa kwanza jangwani na ambaye sasa anamwacha wa pili akiwa na siku saba angeweza kuomba mengi. Angeweza kuomba apone, na sidhani kama hakuomba. Ila linalonigusa ni kwamba hakuna mahali alipoambiwa sababu, wala hatusikii kwamba alidai kuijua. Alichofanya ni kuzungumza na Mungu kama mtu anayezungumza na mwenye madaraka. Ukimwombea Sultani unakubali kwamba yuko aliye juu ya Sultani na mioyo ya watawala imo mkononi mwake. Ukiomba kaburi lako litumike, unakubali kwamba kazi si yako, na kufa kwako hakuisimamishi. Imani ya enzi ya Mungu kitandani mwa Rosine ilikuwa sala, na sala ile ilikuwa na majina ya watu ndani yake.

Krapf alimzika alivyoomba.

Imani aliyoibeba kutoka kwao

Faraja ya namna hii haizuki siku ya msiba. Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, mtoto wa mkulima. Akiwa na miaka kumi na moja hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Aliugua kitandani kwa miezi, na katika kulala huko akaanza kuisoma Biblia na kufikiri habari za milele. Alipokuwa mtu mzima, alipoyaandika maisha yake, alianzia hapo, akiiona njia ya Mungu ikianza katika kipigo kile cha dhuluma. Ni mantiki ya Yusufu mbele ya ndugu zake katika Mwanzo 50:20: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Ubaya unabaki ubaya, wala aliyepiga hahesabiwi kuwa alitenda haki. Ila juu ya mkono wake palikuwa na mkono mwingine.

Wacha Mungu wa Württemberg, yaani Waprotestanti wa uamsho wa kusini mwa Ujerumani waliomlea Krapf kiroho, waliishi na imani hii kila siku. Lakini walikuwa na udhaifu mmoja: walipenda kusoma saa ya Mungu. Mwalimu wao mkuu wa karne ya 18, Johann Albrecht Bengel, msomi wa kuheshimika sana wa Agano Jipya, alipiga hesabu za kitabu cha Ufunuo akafikia kwamba mambo makuu ya mwisho yangetimia mwaka 1836. Mwaka ule ulifika ukapita, watu wakalima na kuvuna kama kawaida. Mwaka uliofuata Krapf alianza safari ya Ethiopia. Kwa hiyo alitoka katika watu waliokwisha kuonja tofauti kati ya kuamini kwamba Mungu ana mpango na kudhani kwamba wameusoma.

Chama alichokitumikia nacho kilikuwa na onyo kama hilo katika maungamo yake. Kifungu cha 17 kati ya vile 39 vya imani ya Kanisa la Uingereza, vya mwaka 1571, kinasema kwamba kuutafakari uteule wa Mungu katika Kristo kumejaa faraja tamu isiyosemeka kwa wacha Mungu. Papo hapo kinaonya kwamba watu wadadisi wasio na Roho wa Kristo, wakiweka hukumu hiyo ya Mungu mbele ya macho yao daima, wanaweza kuanguka katika kukata tamaa au katika maisha machafu. Yaani fundisho moja linalisha huyu na kumwua yule, kutegemea anamjia nani. Ukilijia fundisho lenyewe kama fumbo la kufumbua, ni hatari. Ukimjia Mungu aliyejifunua katika Kristo, ni chakula.

Barua

Katika barua yake Krapf aliwaambia wakubwa wake wawaarifu marafiki nyumbani kwamba sasa lipo kaburi la upweke kwenye pwani ya Afrika Mashariki, la mtu wa kazi hii. Hiyo ni dalili, aliandika, kwamba mmeanza mapambano na sehemu hii ya dunia. Na kwa kuwa ushindi wa Kanisa hupatikana kwa kukanyaga juu ya makaburi ya wengi wa watu wake, muwe na hakika kwamba saa imekaribia ya kuigeuza Afrika kuanzia ufuko wake wa mashariki.

Ni maneno makubwa, na naelewa kwa nini yalichapishwa na kurudiwa. Lakini tusome pamoja na sentensi nyingine ambayo hainukuliwi sana, ile anayosema kwamba moyo na mwili wake vililia siku nyingi. Sentensi hizo mbili ni za mtu mmoja katika majira mamoja. Anayetaka kumhubiri Krapf wa barua bila Krapf wa machozi anahubiri nusu mtu. Nami naongeza kwamba nusu hiyo haifanani na Maandiko, kwa kuwa Zaburi ya 13, iliyoandikwa na mtu asiyetilia shaka enzi ya Mungu, inaanza kwa kumwuliza Bwana "hata lini", na inauliza mara nne.

Ukiichambua barua yenyewe utaona ndani yake mambo mawili yamefungwa pamoja. La kwanza ni unyenyekevu: kifo hiki hakikumponyoka Mungu, na kazi ni yake. La pili ni usomaji wa ishara: kaburi hili maana yake ni hivi, na saa imekaribia. Krapf hakuyatenganisha. Sisi tunaosoma baada ya miaka 180 tunaweza kuyatenganisha, kwa sababu tunajua yaliyofuata.

Waoromo, waliokuwa sababu ya safari yote, Krapf hakuwafikia kwa namna aliyotazamia. Mnyororo wa vituo vya misheni alioutamani, kutoka Mombasa kukatiza bara zima hadi pwani ya magharibi, haukujengwa naye. Mwaka 1851 alijaribu kufungua njia kupitia Ukambani; Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, akauawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf akatangatanga nyikani kwa njaa na kiu, akaponea chupuchupu. Wenzake waliotumwa kumsaidia, baadhi yao walikufa kwa homa muda mfupi baada ya kufika. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu maskini aliyekuwa karibu kufa. Mwaka 1853 Krapf aliondoka akiwa mgonjwa. Kama kaburi la Nyali lilikuwa ishara kwamba saa imekaribia, basi saa hiyo haikuja katika miaka yake ya Mombasa, wala kwa sura aliyoiwaza.

Na yaliyobaki? Yaliyobaki ni yale aliyoyahesabu kuwa maandalizi tu. Sura za mwanzo za Mwanzo kwa Kiswahili, zilizoanzwa wiki chache kabla ya msiba, zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1850. Miswada ya tenzi za kale aliyoikusanya pwani aliipeleka Ujerumani, ikahifadhiwa huko Halle, na bila hiyo wasomi wa ushairi wetu wangekuwa maskini zaidi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, yenye Kimvita (lahaja ya Mombasa) kingi, ilichapishwa London mwaka 1882. Krapf alikuwa amefariki Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881. Inasimuliwa kwamba alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Alikuja kutafuta Waoromo kupitia lugha ya Waswahili, na lugha ndiyo iliyobaki mkononi. Maelfu ya watu ambao hawajawahi kumsikia wanasali leo kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi zilezile za Kilatini alizozitumia. Sisemi kwamba hii ndiyo "sababu" ya kifo cha Rosine. Nikisema hivyo nitakuwa nafanya kosa lilelile la kusoma ishara, tena bila kisingizio cha homa na huzuni alichokuwa nacho yeye. Ninachosema ni kwamba Krapf alikosea kuhusu mpango, naye hakukosea kuhusu mwenye mpango.

Faraja ilisimama juu ya nini

Kama faraja ya Krapf ingetegemea kujua kwa nini Rosine alikufa, ingekuwa imebomoka kufikia mwaka 1853. Haikubomoka. Aliendelea kuamini, kusali, kutafsiri na kuandika kamusi hadi uzeeni. Hivyo lazima msingi wake ulikuwa mahali pengine.

Kumbukumbu la Torati 29:29 inasema: "Mambo ya siri ni ya Bwana, Mungu wetu, lakini yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele." Mstari huu unagawa urithi. Fungu moja ni la Mungu, na halijaandikwa kwa jina letu. Kwa nini homa ilimwacha mume ikamchukua mke, kwa nini wiki ile badala ya mwaka mwingine, hayo yako katika fungu la Mungu. Fungu letu ni yaliyofunuliwa: kwamba hakuna shomoro aangukaye chini Baba asipojua, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema, kwamba mauti itashindwa. Mtu anaweza kuishi kwa fungu lake bila kuliibia la mwingine.

Hapo ndipo imani ya Kikristo inapokuwa na sura yake ya pekee. Majirani wa Krapf pale Mombasa nao waliamini kwamba lolote litokealo ni kwa kudra ya Mungu, na katika msiba walisema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko marejeo yetu. Naliheshimu hilo. Mkristo anakiri enzi hiyohiyo na kuongeza kwamba ameiona ikifanya kazi mahali pamoja palipo wazi, msalabani. Petro siku ya Pentekoste alisema Yesu alitolewa "kwa shauri la Mungu lililokusudiwa", na katika pumzi hiyohiyo akasema aliuawa "kwa mikono ya watu wabaya". Shauri la Mungu na uovu wa watu vimekutana juu ya mti mmoja, uovu haukuhalalishwa, shauri halikushindwa. Aliyesimama pale Ijumaa ile angesoma ishara zote vibaya. Mitume wenyewe walizisoma vibaya. Kwa hiyo Mkristo anapozika mtu wake haanzi na swali la mpango wa kifo hiki. Anaanza na kifo kile kingine, ambacho mpango wake umefunuliwa, na anamtegemea Mungu wa kifo kile kwa kifo hiki ambacho hakielewi. Paulo anahoji hivyohivyo katika Warumi 8: asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye?

Nafikiri pia Krapf alipata jambo la kawaida kabisa ambalo wachungaji tunasahau kulitaja: alipata ruhusa ya kuendelea na kazi bila kuona matokeo. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846 na kuanzisha naye kituo cha Rabai, ni ushahidi mkubwa zaidi kwa hilo. Rebmann alikaa miaka 29. Mke wake alikufa mwaka 1866. Macho yake yakafa. Aliporudi Ulaya mwaka 1875 alikuwa kipofu, na waongofu aliowaacha walikuwa wachache mno. Mtu anayeamini kwamba mavuno yanategemea yeye hawezi kukaa Rabai miaka 29 namna hiyo. Ataondoka, au atadanganya katika taarifa zake.

Katika misiba yetu

Kila msiba wa Kikristo kwetu, kuanzia Voi hadi Mbeya, utasikia mtu anasimama na kusema: kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine ataongeza kwamba Mungu alimpenda zaidi. Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili sijui imetoka wapi katika Maandiko, na mjane mwenye watoto watatu akiisikia ana haki ya kujiuliza kama Mungu hakuwapenda wao.

Kisa cha Krapf kinaniambia tuangalie nani anasema, na lini. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu mwenyewe, aliyetwaliwa. Rafiki zake walipofika, kwa siku saba mchana na usiku hawakumwambia neno, na huo ndio utumishi bora waliowahi kuufanya. Walipofungua vinywa walianza kueleza, na mwishoni Bwana alimwambia Elifazi kwamba ghadhabu yake imewaka juu yake na wenzake wawili. Mengi waliyosema kuhusu ukuu wa Mungu yalikuwa sahihi yakitazamwa moja moja. Kosa lilikuwa kuyageuza maelezo ya jeraha la mtu mwingine. Krapf aliandika kuhusu kaburi la mke wake mwenyewe. Mtu mwingine angemwandikia yeye barua ileile, na kumwambia kwamba ushindi wa Kanisa hupitia makaburi, ingekuwa ukatili.

Kwa hiyo anayekwenda kuhani, apike chai, abebe maji, akae mkekani. Akiombwa kusoma, asome Zaburi yenye kilio ndani yake. Mfiwa akifika mwenyewe mahali pa kusema Bwana ametwaa, aseme amina pamoja naye. Asimkimbize.

Kuna wanaohofu kwamba imani hii huzaa uvivu: kama Mungu ndiye aamuaye, kwa nini tununue chandarua, kwa nini mama mjamzito apelekwe kliniki? Hofu hiyo si ya bure, maana nimesikia "tumwachie Mungu" ikitumika kufunika uzembe wa wahudumu, wa waume na wa viongozi. Lakini anayelisema hivyo ameingia tena katika fungu la siri. Anadhani amejua kwamba Mungu ameamua mama huyu afe, na hakuna aliyemwambia. Fungu lililofunuliwa linasema tumpende jirani. Rosine alikufa kwa ugonjwa ambao wakati wake hakuna aliyejua unaletwa na nini. Sisi tunajua. Mama akifa leo kwa malaria kijijini kwa sababu dawa haikuletwa, tutalia mbele za Mungu atawalaye na tutamwuliza aliyetakiwa kuleta dawa, na hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili, kama ambavyo Petro hakuona mgongano kati ya shauri la Mungu na mikono ya watu wabaya.

Linabaki swali ambalo wafiwa huuliza wageni wakishaondoka: je, Mungu alitaka mke wangu afe? Siwezi kujibu kwamba Mungu hakuwepo au hakuweza, kwa kuwa ningempokonya mtu huyu mahali pekee pa kukimbilia. Mungu aliyeshindwa na homa hawezi kuahidi ufufuo. Wala siwezi kujibu kwamba alifurahia. Maandiko yanaiita mauti adui, adui wa mwisho, na Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro huko Bethania ilhali alijua kwamba baada ya dakika chache atamwita atoke. Ningemjibu kwamba kifo cha mke wake hakikumponyoka Mungu, kwamba sijui sababu, kwamba aliye juu ya kifo hicho ndiye aliyelia Bethania, na kwamba anaruhusiwa kumwuliza yeye mwenyewe, usiku huu, kwa sauti yoyote aliyobaki nayo.